Chupa Inayopasuka, Kegi Inayotoa Povu, Kegi Inayokwisha Mapema: Utatuzi wa Matatizo ya Bia ya Nyumbani

Kila anayepika bia nyumbani hufika siku ambayo bia imekwisha kuchacha, imetulia ndani ya ndoo, na yeye anatakiwa kuamua ataihifadhi wapi: katika chupa hamsini hivi zilizobanwa vizibo vya bati, au katika kegi moja ya chuma cha pua yenye ujazo wa lita 19, iliyounganishwa na mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi ndani ya jokofu. Mwongozo huu hauingii katika ubishi wa njia ipi ni bora. Unachukua dalili ambazo mpika bia hukutana nazo baada ya kuchagua, na kutafuta chanzo cha kila moja. Hata hivyo, ipo tofauti moja ambayo inafaa kushikwa mapema kwa sababu karibu kila tatizo hapa chini linatokana nayo: chupa huficha gesi lakini huonyesha idadi, ilhali kegi huonyesha gesi lakini huficha idadi. Aliyeziba chupa hawezi tena kujua shinikizo lililomo ndani wala kulibadilisha, ila anajua kwa hakika amekunywa chupa ngapi. Mwenye kegi anasoma shinikizo kwenye geji wakati wowote, ila hajui ni bia kiasi gani imetoka bombani tangu Jumatatu.

Vipimo na vifaa vinavyotajwa ni vya Marekani, ninakoishi na ninakopikia. Huko sheria ya shirikisho imeruhusu kupika bia nyumbani tangu mwaka 1979, kwa kiwango cha takriban lita 378 kwa mwaka katika nyumba yenye mtu mzima mmoja na lita 757 penye wawili au zaidi, kwa matumizi ya nyumbani na si kwa kuuza; Mississippi na Alabama ndiyo majimbo yaliyofuata mwisho, mwaka 2013. Anayesoma akiwa Kenya, Tanzania au kwingineko aulize kwanza sheria ya mahali pake inasemaje.

Wasomaji waliokulia karibu na mbege au busaa watashangaa kwamba gesi inahitaji kurasa hizi zote. Sababu ni kwamba pombe zetu hunywewa zikiwa bado zinachacha, katika chombo kilicho wazi, siku chache tu baada ya kupikwa. Gesi hujiendea hewani na hakuna anayeihesabu. Mara tu pombe inapofungiwa ili ikae wiki au miezi, gesi hiyo haina pa kwenda.

Chupa imefunguliwa na haina gesi

Kizibo kinabanduka kimya, na bia inamiminika kama chai iliyopoa. Kabla ya kulaumu hamira, angalia kalenda na kipimajoto. Gesi ya chupani hutengenezwa na hamira iliyobaki ndani ya bia inapokula sukari kidogo iliyoongezwa siku ya kujaza chupa, na kazi hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu katika nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Chupa zilizowekwa chumba cha chini cha nyumba wakati wa baridi, penye nyuzi 12, huenda zisiwe tayari hata baada ya mwezi. Zihamishie mahali penye joto, zipindue taratibu ili mashapo ya hamira yainuke, kisha usubiri siku kumi nyingine kabla ya kufungua ya pili.

Ikiwa joto na muda vilitosha, linganisha chupa kadhaa. Zote zikiwa hazina gesi sawasawa, sukari ilikuwa pungufu, au bia ilikuwa na kileo kikubwa na ilikaa muda mrefu mno kabla ya kutiwa chupani, kiasi kwamba hamira ilichoka. Punje chache za hamira kavu katika kila chupa, kisha kizibo kipya, hutosha kwa tatizo la pili. Ikiwa baadhi ya chupa zina gesi nzuri na nyingine hazina kabisa, sukari haikuchanganyika: iyeyushe katika maji yaliyochemshwa, imimine kwenye ndoo nyingine kwanza, na bia ifuate juu yake kwa mpira, ikizunguka yenyewe. Na ikiwa ni chupa moja moja tu isiyo na gesi, chunguza kizibo. Mara nyingi utaona upande mmoja haukubanwa sawasawa.

Usiongeze sukari katika chupa isiyo na gesi kabla hujajua chanzo. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa haraka, na walichokipata kimeelezwa katika sehemu inayofuata.

Chupa inafoka, au imepasuka

Hili ndilo tatizo pekee katika mwongozo huu linaloweza kumpofusha mtu, kwa hiyo tuanze na usalama. Kama chupa moja imepasuka, chukulia kwamba zilizobaki ziko njiani. Usizishike kwa mikono mitupu. Vaa miwani ya kazi, glavu nene na koti la mikono mirefu, zifunike kwa taulo zito, uzitie kwenye jokofu usiku mzima, kwa kuwa baridi hushusha shinikizo. Kisha uinue kila kizibo kidogo, chini ya taulo, hadi gesi ipungue. Kama huna uhakika na hatua hizo, zimwage zote.

Chanzo huwa kimojawapo kati ya vitatu, na namna tatizo linavyojitokeza hukuelekeza kwenye chanzo chake.

Chupa zote zikifoka kwa nguvu sawa ndani ya wiki mbili au tatu za kwanza, kosa lilifanyika siku ya kujaza: ama sukari ilizidi, ama bia haikuwa imemaliza kuchacha. Hesabu yake ni rahisi. Wapika bia hupima gesi kwa ujazo. Bia yenye ujazo 2.5 ina maana kwamba lita moja ya bia imebeba lita mbili na nusu za gesi. Bia iliyochachia katika nyuzi 20 tayari ina ujazo wa karibu 0.85. Gramu 4 za sukari ya mezani katika kila lita huongeza ujazo wa takriban 1. Ukitaka kufikia 2.4, unahitaji gramu 6.2 kwa lita, yaani gramu 118 kwa lita 19 kamili, zikipimwa kwa mizani ya jikoni na si kwa kikombe. Ukibakiwa na lita 16 tu baada ya kuacha mashapo, hesabu ni ya lita 16.

Bia isiyomaliza kuchacha ni hatari zaidi, kwa kuwa sukari yake haikupimwa na mtu. Hidromita ni kifaa kinachoelea katika bia na kuonyesha sukari iliyomo. Kila nukta moja yake iliyobaki, yaani 0.001, huongeza ujazo wa karibu nusu. Nilijifunza hili kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza chupa siku ya tano kwa sababu mapovu ya mfuniko wa ndoo yalikuwa yametulia. Hidromita ilisoma 1.018, nami nilijiambia kwamba inatosha, ingawa bia ile ilipaswa kufika 1.012. Nukta sita ni ujazo wa tatu juu ya ule niliouongeza kwa sukari. Siku ya kumi na mbili, usiku, nilisikia kishindo katika kabati la chini ya ngazi, nikadhani sinia limeanguka. Asubuhi nilikuta vipande vya kioo vimejichoma katika kuta za boksi la karatasi ngumu, kimoja kikiwa kimelitoboa hadi upande wa pili. Tangu hapo sijazi chupa mpaka hidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Mapovu ya mfuniko si kipimo. Hukoma kwa sababu ya baridi, na hukoma pia mfuniko unapovuja.

Chupa moja au mbili zikifoka kati ya hamsini, chupa hizo hazikuwa safi. Mulika shingo ya chupa kwa tochi: mstari mwembamba wa utando pale bia inapokutana na hewa ni dalili ya vijidudu. Chupa zilizotumika zisafishwe siku ileile zinapomiminwa, kwani mashapo yaliyokauka chini hayatoki kwa kusuuza tu, na dawa ya kuua vijidudu haipenyi uchafu.

Chanzo cha tatu hujitokeza polepole. Bia ni nzuri mwezi wa kwanza, ina gesi nyingi mwezi wa pili, na inafoka mwezi wa tatu, huku ikizidi kuwa nyepesi na kavu mdomoni. Hapo kuna hamira ya mwitu, au aina ya hamira inayoweza kula sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida huziacha. Zihifadhi zilizobaki katika baridi na uzimalize mapema, kisha badilisha mipira yote ya plastiki uliyotumia, kwa kuwa michubuko ya ndani huficha vijidudu ambavyo hakuna dawa itakayovifikia.

Kwa vyovyote vile, tumia chupa nene za bia zinazofunguliwa kwa opena. Zile za kizibo cha kuzungusha kwa mkono ni nyembamba na midomo yake haibani sawasawa.

Bia ya kegi haina gesi

Hapa mpika bia ana bahati, maana hakuna lisilorekebishika. Kegi iliyo katika nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, ikiunganishwa na gesi kwa shinikizo la bar 0.8 hivi, yaani psi 12 kwa kipimo cha Marekani, hufikia ujazo wa 2.5 baada ya siku saba hadi kumi, na haipiti hapo hata ukiiacha miezi. Malalamiko mengi hutoka kwa watu waliosubiri siku tatu. Anayetaka haraka aipe psi 30 kwa saa 24, kisha aondoe shinikizo la juu na kurudisha psi 12. Ila akisahau kuirudisha, atahamia moja kwa moja katika sehemu ya povu.

Muda ukiwa umetosha, pima joto la bia yenyewe, si la hewa ya jokofu. Bia yenye joto hushika gesi kidogo kwa shinikizo lilelile. Kama joto nalo ni sawa, basi gesi haifiki: valvu ya mtungi imefungwa, kiunganishi cha gesi hakijakaa vizuri, au mfuniko wa kegi unavuja. Kosa la kawaida kwa wageni ni kuunganisha kiunganishi cha gesi upande wa kutolea bia. Huingia kwa nguvu, hung'ang'ania, na hutoka kwa matusi.

Bombani linatoka povu tupu

Swali moja hugawa tatizo hili nusu kwa nusu: je, povu linatoka katika glasi ya kwanza tu, au katika kila glasi?

Povu la glasi ya kwanza pekee ni suala la joto. Bomba na sehemu ya juu ya mpira zimekaa nje ya baridi, na bia inapopita katika chuma chenye joto, gesi huiruka. Feni ndogo inayosukuma hewa baridi hadi kwenye bomba humaliza kazi. Mimi sina feni. Humwaga kidogo cha kwanza katika kikombe na kukiacha kitulie.

Povu la kila glasi lina vyanzo vingi zaidi. Kwanza, mpira mfupi. Mpira wa kipenyo cha ndani cha milimita 5 ndio unaopunguza kasi ya bia kati ya kegi na bomba. Wauzaji wengi hutoa wenye urefu wa mita moja na nusu, ambao kwa psi 12 hautoshi. Mita tatu, zikiwa zimekunjwa kama kamba ndani ya jokofu, huponya kegi nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu. Pili, gesi iliyozidi: toa kiunganishi cha gesi, vuta pete ya usalama juu ya mfuniko hadi gesi itoke, subiri saa chache, rudia mara nne au tano kwa siku nzima, na uonje. Tatu, uchafu. Mawe ya bia, yaani ukoko mgumu unaoachwa na bia, na mabaki ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, ndani ya mpira hutengeneza vituo vya kuzalisha povu. Viwanda na baa husafisha mipira kila siku 14, na nyumbani walau isafishwe kila kegi inapoisha.

Karibu kila mtu hujaribu kwanza kushusha shinikizo, na dawa hiyo huzidisha ugonjwa. Shinikizo likishuka chini ya lile linaloishikilia gesi ndani ya bia, gesi huanza kujitenga humo humo mpirani, na unaweza kuona mapengo ya hewa yakipishana na bia kama shanga kwenye uzi. Povu huongezeka leo, na wiki ijayo bia itakuwa imeishiwa gesi. Shinikizo huwekwa kulingana na joto la bia. Kasi ya kumimina hurekebishwa kwa urefu wa mpira.

Chanzo cha mwisho hakionekani kwa urahisi. Ukiona vipovu vikianzia palepale kiunganishi kinapokutana na kegi, wakati mpira ni mrefu, joto ni sahihi na gesi haikuzidi, fungua kifundo cha upande wa bia, yaani kile kichwa cha kegi ambamo kiunganishi huingia, baada ya kuondoa shinikizo lote, uvute lile bomba refu la ndani, na uitazame oringi, yaani pete ndogo ya kuzuia uvujaji, iliyo shingoni mwake. Oringi hiyo ikipasuka, gesi ya juu ya kegi hujipenyeza katika mkondo wa bia na kuuchanganya. Ni kipande cha mpira cha senti chache, na nimewahi kubadilisha regulata nzima, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza shinikizo la gesi, kabla ya kukifikiria.

Gesi imekwisha kabla ya bia

Mtungi wa kilo 2.3 za gesi unapaswa kuhudumia angalau kegi kumi, kutia gesi na kumimina kwa pamoja. Ukiisha kwa wiki moja, kuna uvujaji. Ongeza shinikizo hadi psi 30, paka maji ya sabuni kuzunguka mfuniko, vifundo vyote viwili, pete ya usalama na kila kiungo cha regulata, na utazame mapovu. Mifuniko ya kegi hizi, ambazo awali zilitengenezwa kwa ajili ya vinywaji baridi, haikai vizuri katika shinikizo dogo. Iweke, ipe psi 30 ijisukume mahali pake, kisha ushushe. Oringi zipakwe grisi maalumu ya vyombo vya chakula. Ukifunga valvu ya mtungi usiku ili uone kama geji itashuka, kumbuka kwamba bia ambayo bado haijashiba gesi itaendelea kuinywa na geji itashuka bila uvujaji wowote. Jaribio hilo lifanywe kwa kegi tupu au iliyokwisha kushiba.

Geji ya shinikizo kubwa inastahili onyo lake. Gesi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na maadamu kimiminika kimebaki, geji husoma namba ileile: karibu bar 57 katika nyuzi 20. Ukiutia mtungi jokofuni, sindano hushuka hadi karibu bar 39 na wakati mwingine huingia eneo jekundu, nawe unakimbilia dukani na mtungi uliojaa. Kipimo cha kuaminika ni mizani: toa uzito mtupu uliogongwa shingoni mwa mtungi, kinachobaki ni gesi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Ikivuja katika chumba kidogo kisicho na dirisha, huondoa hewa ya kupumua bila harufu wala rangi, kwa hiyo mtungi usihifadhiwe kabatini wala chumbani mwa kulala.

Ladha imeharibika

Hapa nitapita haraka. Ladha ya karatasi iliyolowa, pamoja na rangi inayozidi kuwa ya kahawia, ni oksijeni: bia ilimiminwa kwa kurushwa, au kegi haikusafishwa hewa. Jaza kegi dawa ya kuua vijidudu hadi juu, isukume yote nje kwa gesi, kisha ingiza bia kwa kupitia bomba la ndani. Chupani, acha nafasi ya sentimita mbili au tatu tu juu. Harufu kama ya kicheche ni mwanga wa jua uliopita katika chupa ya kijani au isiyo na rangi. Kegi haina ugonjwa huu. Uchachu wa siki ni vijidudu, na bia hiyo haiponi.

Kegi inakwisha mapema na hakuna kinachovuja

Dalili hii haipo katika vitabu vya vifaa, nami naiweka hapa kwa sababu huja kwa sura ya hitilafu. Kegi iliyopaswa kudumu mwezi na nusu inaanza kutoa upepo wiki ya tatu. Mwenyewe anapaka maji ya sabuni kila mahali na haoni povu.

Tumia mizani tena. Kegi tupu ina uzito wa kilo 4 hivi, na kila lita ya bia huongeza takriban kilo moja. Pima kegi na mtungi kila Jumapili, uandike. Mtungi ukipungua sana huku kegi ikibaki nzito, gesi inavuja. Kegi ikipungua huku sakafu ya jokofu ikiwa imelowa na inanata, bia inavuja. Kegi ikipungua, mtungi ukiwa na matumizi ya kawaida na sakafu ikiwa kavu, bia imemiminwa. Imenywewa.

Wengi hushangaa kwa dhati, na si kwa unafiki. Mnywaji wa chupa anaona chupa tupu zimejipanga karibu na sinki, na kufungua nyingine ni uamuzi. Kwenye bomba hakuna mwisho wa glasi: anaongeza kidogo kabla haijaisha, anaonja kidogo kuona kama gesi imefika, anamalizia povu la glasi ya kwanza. Mimi nilidhani nakunywa glasi mbili kwa siku. Mizani ilisema kilo 7 kwa wiki.

Lita 7 ni kileo kiasi gani? Toa kipimo cha mwisho cha hidromita kutoka kile cha mwanzo, uzidishe kwa 131.25. Bia yangu ilianza 1.060 na kuishia 1.012, tofauti ni 0.048, sawa na asilimia 6.3. Mililita zikizidishwa kwa asilimia hiyo na kwa 0.789, ambayo ni uzito wa kileo, hutoa gramu. Lita 7 zilikuwa na gramu 348. Marekani kinywaji kimoja cha kawaida huhesabiwa kuwa gramu 14, yaani mililita 355 za bia ya asilimia 5, na mwongozo wa chakula wa taifa wa 2020 hadi 2025 uliwataka wanaume wanaokunywa wasizidi viwili kwa siku na wanawake kimoja. Nilikuwa nimefika 25 kwa wiki ambayo mwisho wake ulikuwa 14. Uingereza, ambako kipimo kimoja ni gramu 8 na ushauri tangu 2016 ni kutozidi vipimo 14 kwa wiki, ningekuwa na zaidi ya 43. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara kwa afya, kwa hiyo namba hizi ni mipaka ya kupunguza hatari, si kibali.

Hesabu hiyohiyo hueleza lile lalamiko la kichwa kuuma baada ya "glasi mbili tu". Glasi ya mililita 473 ya bia hiyo ina gramu 23.5, mbili ni zaidi ya vinywaji vitatu. Bia iliyochachia katika joto kali huwa na vileo vizito vinavyochoma koo, na watu hupenda kuvilaumu, lakini pima glasi kwanza. Bia ya chupani nayo ina kileo kidogo zaidi ya kile ulichokisoma, karibu asilimia 0.4, kwa kuwa sukari ya kutengeneza gesi nayo imechacha.

Marekebisho yanayofaa ni ya vifaa, si ya kuapa. Badilisha glasi: chora mstari kwenye mililita 355, au nunua glasi ndogo. Badilisha mapishi: bia inayoanza 1.038 na kuishia 1.011 ina asilimia 3.5 na bado ina ladha ikiwa kimea kimechaguliwa vizuri. Pika nusu, katika kegi ya lita 9.5. Weka kufuli la bomba, ambalo litawazuia pia watoto. Njia iliyonisaidia mimi ni ya mseto: bia inatiwa gesi katika kegi, kisha Jumamosi najaza chupa sita baridi kutoka bombani kwa mpira unaofika chini ya chupa, naziba, na kuondoa kiunganishi cha bia hadi Jumamosi inayofuata. Gesi bado naiona kwenye geji, na idadi inaonekana kwenye rafu.

Mjamzito, dereva, na anayetumia dawa zisizopatana na kileo wasihesabu kabisa, kwani kwao hesabu ni sifuri. Na ikiwa anayepunguza anaona mikono ikitetemeka asubuhi, jasho likimtoka, au hatulii mpaka anywe, asiache ghafla akiwa peke yake. Kukatisha ghafla kwa mwili uliozoea kunaweza kuleta degedege, na daktari ana dawa za kumvusha siku hizo. Amweleze lita kwa wiki na asilimia ya bia, maana tayari ameziandika kwenye mlango wa jokofu.